Mkono Huu Unafanya Kazi Gani?

Nyumba za Mama Nanjala,
Kangemi, Nairobi.
Jumanne, 13 Mei 2025.

Mpendwa dada Mercyline,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini umeamka salama huko Leeds, na kile kidole chako kilichobaki kigumu tangu ajali hakikusumbui kwa baridi. Mimi ni mzima ila mgongo, na mgongo wenyewe ni kwa sababu ya benchi la hospitali ninaloandikia. Mama kule nyumbani anasema mahindi yameota vizuri.

Najua salamu hizo umeziruka. Haya, mwanao yuko ndani, mlango wa pili kutoka hapa. Daktari Kitonga atafungua bendeji asubuhi hii, ndipo tutajua kama vidole viwili alivyomrudishia Lenox vimeshika au vitatolewa. Nina hofu, sikufichi. Uliniambia niache kukupa habari vipande vipande kwa simu, maana wewe unalia, mimi nalia, halafu laini inakatika. Basi naandika yote nikisubiri. Rafiki yetu Cate anasafiri kuja huko kesho kutwa, atakuletea.

Nianze na msiba wa Daktari Wangui. Jioni za maombi kule Loresho kwa mumewe, Mzee Waithaka, watu walijaa, na si wenye magari tu. Walikuja mafundi wa gereji, maseremala, wanawake wa vinu vya kusaga. Langoni walikuwa wakisalimiana kwa mkono na kukawia hapo, wanaangaliana makovu.

Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi, nikawasimulia habari yako. Jinsi mkanda wa kinu ulivyokushika, wengine wakasema mkono ukatwe, tukakupeleka kwa Daktari Wangui. Wakati huo ni yeye peke yake hospitalini pale aliyeweza kushona mishipa midogo vile, na wenzake walikuwa wanamcheka eti anashona uzi usioonekana. Kabla hajakugusa akakuuliza, "Mkono huu unafanya kazi gani?" Ukasema kusuka. Ulipotoka kwenye upasuaji, plasta ilikuwa imeandikwa MSUSI kwa kalamu nene, ili kila atakayeushika ajue anashika nini. Kumbe wanawake wote pale jikoni walikuwa na neno lao. Mmoja MPISHI, mwingine MWALIMU, mwingine MAMA WA MAPACHA. Tulicheka, tukalia, viazi vikabaki vilevile.

Sasa Lenox. Programu za mazishi zililetwa zichapwe kwenye duka la uchapaji analofanyia kazi pale River Road, naye akaomba kuzikata mwenyewe. Aliwaambia wenzake, akikutaja wewe mama yake, "Huyu ndio alisaidia mathe. Hii job ni yangu." Mashine ya kukata karatasi ina vitufe viwili, ili mikono yote miwili iwe juu ya vitufe kisu kikishuka. Wakiwa na haraka wanakifunga kimoja kwa kamba, wapate mkono wa kusawazisha karatasi. Usihangaike kumgombeza, nimeshamgombeza akiwa na dripu. Alikuwa anasawazisha kwa mkono wa kulia kisu kiliposhuka.

Daktari Wangui alikuwa akipita maduka yale ya River Road kuwafundisha. Kidole kikikatika, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, tia ndani ya mfuko, kisha mfuko ndio uweke kwenye barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu, kinaungua. Kibe, yule mzee wa mashine, alikifanyia hivyo kidole cha kati. Cha shahada hakikuonekana. Fidel, rafiki yake Lenox, alikuja kukipata chini ya mabaki ya karatasi wenzake wameshaondoka na mgonjwa. Akili ikamruka, akakitumbukiza moja kwa moja kwenye barafu ya muuza soda, akakimbia nacho mpaka hospitali. Alidhani anaokoa.

Simu ilinipata jikoni. Nilitoka na kisu cha viazi mkononi hadi kwenye hema, watu wakanipisha. Daktari Kitonga, aliyefundishwa na Daktari Wangui tangu akiwa kijana, alikuwa ameketi na kamati. Kesho yake alikuwa abebe jeneza na asome risala. Nilipomwambia hakumaliza chai. Njiani aliniuliza, bila kunitazama, "Mkono huu unafanya kazi gani?" Nikajibu anakata karatasi. Ndilo neno lililoandikwa, KARATASI, na limenikera tangu siku ile. Nilimjibia mtu mzima, tena nikataja kitu kilichomuumiza.

Upasuaji ulikuwa mrefu, Kitonga hakuwahi mazishi. Cate alikuwepo kanisani. Anasema jina la Kitonga liliitwa mara ya pili, watu wakaanza kunong'ona, ndipo Mzee Waithaka akainuka. "Kitonga ako theatre, anashona vidole vya kijana. Angekuja hapa, Wangui mwenyewe angemfukuza." Kisha akaketi, na hakuna aliyesoma risala badala yake.

Ngoja kwanza, naitwa.

Nimerudi.

Daktari alianza na kidole cha kati. Alibonyeza ukucha, ukawa mweupe. Akaachia. Nilikuwa nimeshika kitanda. Rangi ikarudi, dada. Akabonyeza tena, ikarudi tena. Kile cha shahada kilikuwa cheusi, hata mimi sikuhitaji kuambiwa. Kitatolewa kesho. Nimefurahi na nimeumia kwa pamoja, sijui nianze na lipi.

Fidel alikuwa amesimama mlangoni. Alipokiona alikaa chini sakafuni. Ni Lenox aliyemwambia, "Fide, wacha hiyo. Wewe si ulikimbia."

Plasta mpya ilipokauka, Kitonga akauliza lile swali, safari hii akimtazama Lenox. Mwanao akaomba kalamu. Aliandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, herufi zikapanda na kushuka: MTOTO WA MSUSI. Kitonga alisoma, akavua miwani, akageukia ukutani. Siku ya mazishi hakupata nafasi ya kulia. Amelia leo.

Msalimie shemeji Zedekiah na jirani yenu yule wa kanisani. Mama anakusalimu, na wanangu wanakusalimu wewe na wote huko. Mungu aliyekurudishia mkono wako aendelee kuushika.

Lenox naye ana swali, nilimwahidi kulileta lilivyo. Anauliza kama mtu anaweza kusuka na vidole vinne. Nimemwambia mimi sijui, aulizwe mama yake, yeye ndiye ambaye amekuwa akisuka na vinne miaka yote hii.

Ndugu yako anayekupenda,
Lornah.