Nchi Nzima Nyuma ya Kizibao cha Njano

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa Mwalimu.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye baridi uliyojichagulia mwenyewe. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Na shemeji yangu, kile kitambi bado anakipunguza kwa maneno matupu? Mimi ni mzima. Magoti yananinung'unikia, lakini yalianza hata kabla hujaondoka, usiyatie maanani.

Umeuliza kama ni kweli nimevuka nchi nzima kwa baiskeli. Ni kweli. Safari hii wambea wako hawakukudanganya, ila wamekunyima yaliyo matamu, nami ndiyo ninayokumegea hapa.

Wazo lilikuwa la binti yangu. Alipata likizo ndefu, na unajua mwalimu akikosa watoto wa kuamrisha huanza kuwatazama watu wa nyumbani kwa jicho baya. Akasema twende kwa baiskeli kutoka hapa hadi mpakani, kule lami inapoishia kwenye kizuizi: yeye, mume wake fundi bomba, binti yao na mimi. Mkwe alikubali kwa kuguna, kama anavyokubali kila kitu. Mjukuu alikubali kwa sababu ya kupiga picha. Mimi nilikubali kwa sababu walikuwa na hakika ningekataa.

Kuna jambo sikuwaambia. Macho yalikuwa yameniaga. Mtoto wa jicho, huku na huku. Kwa miaka kadhaa nilikuwa naitazama dunia kama mtu aliyefungiwa bafuni akichungulia kwenye kioo cha ukungu. Sura za watu niliachana nazo. Mtu nikawa namjua kwa sauti yake na kwa anavyoburuta ndala. Wangejua, wangenipeleka hospitali nikatiwe kisu jichoni, na mimi kisu nakipenda kikiwa kwenye vitunguu. Baiskeli nayo ingepewa mtu. Nikafyata ulimi.

Lakini rangi hainipotei, unanijua. Nimepaka kuta za watu tangu sijaota ndevu. Sasa binti yangu alinunua kizibao cha njano, kile cha kung'aa cha kuogopeshea magari, akatangulia mbele. Nikasema moyoni, kazi imekwisha. Njano ikipinda, napinda. Njano ikisimama, nasimama. Hivyo ndivyo nilivyopita mito na miji, mjukuu akinipigia kelele nyuma, "Babu, ona kule!" nami nikijibu, "Nimeona, mke wangu, pazuri mno." Mara moja nilisifia mlima mpaka nikapitiliza. Akaniambia, "Babu, hilo ni ghala la mahindi." Nikamwambia ni ghala zuri.

Siku tuliyobakiza kipande kidogo kufika, mvua ilitukuta tukajibanza kwenye kibanda cha chai. Ilipokatika, mkwe akakuta gurudumu lake lina pancha, wote wakazunguka nyuma ya kibanda kuziba. Mimi nikakaa juu ya baiskeli yangu, mguu mmoja chini, nasubiri. Mara njano hiyo, inanipita mbele ya pua. Nikajua tumeondoka, nikaiandama.

Mwalimu siku hiyo alikimbia kama anayedaiwa. Nilikanyaga mpaka pumzi ikawa inatoka vipande vipande. Mwisho akakata kona, akaingia kwenye geti, akasimama. Nikamfikia, nikamshika bega.

"Mwanangu, unataka kuniua?"

"Mwanao?" Sauti nzito kama ya pipa. "Mzee, mimi baba yangu tulishamzika."

Nikainua kichwa. Uwanja mzima ulikuwa njano. Ilikuwa kambi ya wajenzi wa barabara, Kasuku! Binti zangu walijaa pale kila upande, na mmoja nilimsikia akikojoa kwenye bati.

Msimamizi wao akaja. "Mzee, vibarua wametosha. Halafu wewe koleo ndilo litakalokushika."

"Sikuja kuomba kazi. Nimekuja na binti yangu."

"Yupi?"

Nikaanza kunyoosha kidole, njano hii, njano ile. Walicheka mpaka wakanihurumia, wakanipindulia ndoo nikalie.

Nikiwa juu ya ndoo yangu nikasikia baiskeli zinaingia, na hatua za Mwalimu zinakuja nyuma yangu. Hakupiga kelele. Akinyamaza yule, ujue mambo yameharibika.

"Usigeuke, Baba. Nimevaa nini?"

"Kizibao cha njano, mama. Swali gani hilo?"

"Kizibao kimelowa, nimekifunga kwenye keria tangu tupo kwenye chai. Nimevaa koti la bluu." Akazunguka, akasimama mbele yangu. "Huoni tangu lini?"

Nikamwambia naona vizuri, tatizo ni wao kuvaa ovyo. Hakusikiliza. Akasema safari imekwisha, tunarudi kwa basi, baiskeli zipakiwe juu.

"Basi hilo nitalipanda nikiwa maiti," nikamwambia.

"Hilo ndilo ninalolikwepa, Baba."

Ndipo mkwe akakohoa. Tangu tuondoke nyumbani alikuwa hajasema neno lisilohusu upepo wa tairi. Akasema, "Mzee amalizie. Lakini tukirudi, hospitali. Au baba unaogopa?"

Mbele ya wanaume wote wale! Ungekuwa wewe ungesema nini? Nikasema sawa. Fundi bomba amezoea vitu vinavyovuja, anajua pa kubana.

Kuanzia hapo Mwalimu akaendesha ubavuni mwangu, ananisomea barabara kama imla: "Shimo kushoto. Jiwe. Mbuzi. Mbuzi mwingine." Nikamwambia mtihani huu nitafeli. Hakucheka. Aliendelea kusoma mpaka mpakani, sauti ikamkauka.

Kizuizi nilikishika kwa mkono. Chekundu na cheupe, rangi imetiririka ikakaukia hapo hapo. Aliyepaka hakupiga msasa wala hakuona haya. Askari akauliza kama tunavuka. Mwalimu akasema hatuvuki, tumefika. Kurudi tulipanda basi, na sikubisha. Makalio yangu yalikuwa upande wa basi tangu zamani.

Hospitali nilikwenda, maana nilikuwa nimesema. Kisu chenyewe hakikuuma, kwa hiyo nimekosa hata cha kujitapia. Limeanzwa jicho la kulia. Kesho yake nesi akanifungua bandeji. Nikauona ukuta, umepakwa na mtu aliyekuwa na haraka. Nikamwona mama mmoja kwenye benchi, mtu mzima, mvi zimemjaa, mistari imemshuka pembeni mwa mdomo, amekumbatia mkoba. Ananitazama tu. Nikaona nisije nikakosa adabu.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

Yule mama alicheka mpaka akalia, na kicheko ndicho nilichokijua.

"Baba, hata hapa huachi utani wako?"

Sikuwa namtania. Mara ya mwisho nilipomwona sura alikuwa na nywele nyeusi tii. Ninakula naye meza moja, nimemfuata mgongo nchi nzima, naye alikuwa anazeeka hapo hapo mbele yangu. Anaisimulia hadithi hiyo kwa majirani, nami nacheka pamoja nao. Wewe ukiongea naye, cheka pia, usimwambie kitu.

Nisalimie wapwa zangu wote, na mama mkwe wako mkali. Mwambie bado sijafa, najua atasikitika. Mwalimu, mume wake na mjukuu wanakusalimu sana. Mungu akufunike vizuri huko, akuepushe na mafua na majirani wabaya.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ukinuna,

Fundi Rangi