Nimechagua Programu Ndogo kwa Tovuti ya Baba

Jumamosi, Julai 1999
Kabiro, Kawangware

Baridi imeniuma vidole tangu asubuhi na manyunyu hayajaisha. Nimechoka kama mtu aliyefua siku nzima, lakini niko sawa.

Leo nimechagua programu. Haya ninayaandika ndani yake, ili niizoee.

Kwa asiyenijua: naitwa Auma. Nakaa Gatwekera, Kibera, na baba yangu. Baba anatengeneza nyatiti, ile ala yetu Wajaluo yenye nyuzi nane. Wateja wake walikuwa watu wa nyumbani, wa harusi na matanga. Siku hizi watu wa matanga wanakodisha spika. Akimaliza nyatiti moja anaitundika ukutani karibu na ile ya mwezi uliopita. Juzi alianza kuongea habari ya kurudi Siaya na kuacha kazi kabisa. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anafunga patasi zake kwenye kitambaa.

Mimi ndiye niliyesema tujaribu tovuti.

Njoroge ana ofisi ya kompyuta hapa Kabiro, kwenye ploti ya baba yake. Tulisoma pamoja sekondari. Jumamosi namsaidia kupiga chapa kazi za wateja, naye ananiachia mashine moja. Mwanzoni alitaka nijifunze kuandika tovuti kwa mkono, alama baada ya alama. Nilijaribu. Ukisahau alama moja ya kufunga, ukurasa wote unageuka maandishi manene, au picha inapotea. Nilikuwa narudi nyumbani na kichwa kinauma, sina cha kumwonyesha baba.

Kisha akaniwekea programu kubwa ya kwenye CD, ile anayotumia kwa wateja wa maana. Ina vitufe vingi hadi nikaogopa kugusa. Ilifunguka polepole, ikakwama, ikazima na kazi yangu yote.

"Auma, wachana nayo," Njoroge aliniambia wiki iliyopita. "Wewe leta picha tu, mimi nitakufanyia. Ni kitu kidogo hiyo."

Ningekubali. Kilichonizuia ni tovuti ya kanisa letu. Kijana aliyeitengeneza alisafiri ng'ambo, na hakuna mwingine anayejua kuigusa. Mchungaji tuliyemzika mwaka jana bado anatangazwa pale kwamba atahubiri Jumapili. Mjane wake ameomba jina litolewe mpaka amechoka kuomba.

Sikutaka ya baba iwe hivyo. Nilitaka kitu ninachoweza kurekebisha mwenyewe, hata kama hakipendezi sana.

Basi leo nikafungua ile programu ndogo, iliyokuja bure pamoja na ile ya kusomea intaneti. Njoroge akacheka.

"Hiyo ni ya watoto."

Labda. Unaandika kama unavyoandika barua. Ukitaka picha unaiweka, na unaiona hapo hapo jinsi itakavyokaa. Haiwezi mapambo, na ukilazimisha mambo makubwa inakuvurugia mistari. Lakini kabla ya chakula cha mchana nilikuwa na kurasa mbili. Moja inasema baba ni nani, nyingine ina picha za nyatiti tatu.

Mchana baba akaingia, amevaa koti la kanisani. Asubuhi nilimwambia nitakuwa hapa, ila sikudhani atakuja. Akakaa, akaangalia kioo cha kompyuta kwa muda mrefu.

"Hiyo ya katikati itoe," akasema. "Uzi mmoja umelegea. Mtu akiona atasema mimi ni fundi gani?"

Nikaitoa. Nikabonyeza, ikaenda, nikasogeza maneno juu. Njoroge alikuwa amesimama nyuma yangu, anatazama.

Baba akavuta kiti karibu.

"Andika pia nafundisha."

"Unafundisha nani, baba?"

"Mtu yeyote."

Vidole vyangu vikasimama. Tangu nikiwa mdogo nimeambiwa nyatiti haipigwi na mwanamke. Nimezibeba, nimepaka ngozi zake mafuta, nimeshika uzi baba akikaza. Kupiga, sijawahi. Kaka zangu walifundishwa, wakachoka, wakaacha.

"Hata mwanamke?" nikauliza.

Hakunigeukia. "Nimesema mtu yeyote. Ama hiyo mashine haina hilo neno?"

Nikaandika hivyo hivyo. Njoroge akanionyesha jinsi ya kuzituma kurasa ili zionekane kwingine, na mara ya pili nikafanya peke yangu. Baba ametangulia nyumbani, anasema baridi imezidi.

Sijui kama kuna mtu wa mbali atakayeona, au kama akiona atanunua. Sijui kama baba atazifungua zile patasi. Ukurasa wenyewe ni mweupe, mtupu, na maneno yangu ni machache.

Ila mwanafunzi wa kwanza namjua. Jumatatu jioni, nikitoka kazini, nitakaa karibu na baba na kumwambia nimeona tangazo lake kwenye tovuti.