Damu Juu ya Meza ya Mashine

Jumanne, Butimba

Ngumi bado inauma, wala sijutii. Au najuta, sijui.

Nilitoka Usagara na jiliwa begani, kibanio cha kufunga kwenye ile mashine kuukuu ya kuchonga chuma niliyonunua. Kufika uani nikasikia nyundo: pa! pa! Shemeji Masanja ameweka propela ya mtumbwi wake juu ya meza ya mashine, anainyoosha kana kwamba ile ni fuawe la mhunzi! Meza niliyoisugua wiki nzima mpaka ikang'aa! Ikibonyea kidogo tu, kila nitakachochonga kitatoka kimepinda.

"Aa, shemeji, chuma si chuma tu?" akasema, anacheka.

Nikamtandika, damu ikarukia meza. Alipoanguka nikamkalia kifuani, nikaendelea. Ningemuua, Mungu anisamehe, kama mke wangu asingenivuta mpaka shati likapasuka.

Akanitupia kitambaa. "Mfute mdogo wangu damu!"

Nikainuka, nikafuta meza kwanza, maana damu huleta kutu. Masanja alikuwa bado yuko chini.

Mke wangu aliliona hilo. Hajanisemesha tangu hapo.