Kisiwa cha Watu Kumi na Wanne

Alhamisi, katikati ya Julai. Mau Narok.

Ukungu umekataa kuondoka tangu alfajiri. Sasa ni saa tisa alasiri na bado siuoni ua wa jirani, sembuse ngano yake. Nimeketi sebuleni nikiwa na koti na kofia ya sufu, na mezani kuna karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wangu mwenyewe: RATIBA YA MAPUMZIKO YA KISIWANI, LAMU, AGOSTI.

Nimeisoma mara nne. Kila mstari unaeleweka. Jumla yake siielewi.

Nimesimama mbele ya watu kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza nikiwa mwalimu, kisha mwalimu mkuu, na tangu nistaafu, mzee wa kanisa anayeombwa kusema machache kwenye kila harusi, kila mazishi na kila uzinduzi wa tangi la maji. Sijawahi kukosa la kusema. Leo nimekosa, na ninayekosa la kumwambia ni mtu mmoja tu, ambaye tunaishi naye nyumba moja.

Nianze mwanzo, labda nikipanga mambo kwa utaratibu nitaona nilipopotea.

Mwezi wa Mei, tulipomaliza kupalilia viazi, mke wangu, Mama Njeri, alisema jambo ambalo hakuwa amelisema tangu tuoane. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni akisugua vifundo vya vidole, ambavyo humuuma kila baridi inapokaza.

"Baba Njeri, nataka kwenda kisiwani. Mahali kuna joto. Nilale bila soksi."

Nilimuuliza tungekuwa tunakwenda kumwona nani huko.

"Hakuna mtu. Mimi na wewe."

Nakiri kwamba jibu hilo lilinitatiza kuliko ombi lenyewe. Huku kwetu safari huwa na sababu yake na huwa na mwenyeji wake. Mtu husafiri kupeleka mahari, kuzika, kumwona mtoto shuleni, kumjulia hali mgonjwa. Mwisho wa safari kuna mtu amesimama langoni, anakupokea mfuko na kukuuliza habari za barabara. Safari ya kwenda mahali ambapo hakuna anayekungoja, ukakae, kisha urudi, sikujua inaanzia wapi. Hata hivyo nilimwambia nitalishughulikia. Nami nililishughulikia. Hapo ndipo shida ilipoanza.

Binti yetu Njeri, anayefanya kazi Nakuru mjini, alitutafutia nyumba ya wageni na kunitumia picha. Kitanda chenye chandarua cheupe. Baraza inayotazama bahari. Kitu kama wavu kilichofungwa baina ya minazi miwili, na mtu amelala ndani yake mchana kweupe, kiatu kimoja kimeanguka. Niliitazama picha hiyo kwa muda mrefu nikijaribu kutambua mtu huyo anafanya nini. Mwishowe nikampigia simu mwenye nyumba, mzee mmoja wa huko Lamu mwenye sauti ya upole, nikamuuliza wageni wake hufuata ratiba gani.

"Ratiba?" Alicheka hadi akakohoa. "Ratiba ya nini, bwana wangu? Mwaja kupumzika. Mtalala, mtakula, mtaingia maji, mtalala tena."

Nikamuuliza, na siku ya pili?

Akajibu, "Siku ya pili mtarudia, inshallah."

Nilikata simu nikiwa na wasiwasi zaidi ya ule niliokuwa nao kabla ya kupiga.

Kosa langu nalijua siku yake na saa yake. Ilikuwa Jumapili, wakati wa matangazo. Kwetu mtu hasafiri mbali kimyakimya. Asipotangaza, watu husema ni mgonjwa, au kuna jambo analitoroka. Basi nilisimama, nikawaambia waumini kwamba mimi na Mama Njeri tunatarajia kwenda Lamu mwezi wa Agosti, na tunaomba watukumbuke katika maombi. Nilipaswa kuketi hapo. Badala yake nikaongeza sentensi ambayo adabu ya huku huidai: "Na yeyote atakayependa kuandamana nasi, karibu sana."

Sentensi hiyo ni kama ile ambayo mtu anayekula humwambia anayepita. Karibu chakula, unasema. Yeye hujibu asante, nimeshiba, na kuendelea na njia yake. Kila mtu anajua zamu yake. Nilitarajia washibe.

Hawakuwa wameshiba.

Hata kabla hatujafika langoni, mwenyekiti wa kwaya, Mama Chebet, alinishika mkono. "Mwalimu, sisi kwaya tuko ndani! Hata kama ni kulala kwa mchanga, tutalala!" Ndugu yangu Mwangi, ambaye hajawahi kufika mbali kuliko Nairobi, alisema atatafuta gari. Kufikia Jumatano tulikuwa watu kumi na wanne, na kulikuwa na kundi la WhatsApp lenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mwenyekiti nilikuwa mimi. Wanawake watatu wa kwaya wameshanunua kofia pana za ukindu huko Nakuru, na tangu wiki iliyopita wanazivaa hapa, ndani ya ukungu huu, ili wazizoee. Mwangi ameahidi magunia mawili ya viazi na kabichi kadhaa kwa ajili ya yule mzee wa nyumba ya wageni. Nilipomweleza kwamba mzee huyo tunamlipa, alinitazama kama mtu aliyesahau malezi. "Kwa hivyo twende mikono mitupu? Kwa mtu hatujui?"

Hapa ndipo ninapoona aibu, na ukurasa huu niliufungua ili niseme kweli: nilifurahi. Safari ambayo sikuielewa ilikuwa imegeuka kitu ninachokielewa. Ilikuwa na kamati. Ilikuwa na magunia. Jioni ya Jumatatu nilikaa chini na kuandaa ratiba kwa raha niliyokuwa sijaisikia tangu nistaafu. Saa kumi na moja na nusu, ibada ya asubuhi. Saa moja, kiamshakinywa. Saa tatu, kuzuru ngome ya kale. Saa nane, hotuba yangu kuhusu shukrani. Saa kumi hadi saa kumi na moja, kuingia baharini, wanawake upande wao na wanaume upande wao, pamoja na mtu wa kuhesabu vichwa. Mwishoni niliweka majukumu: maombi, nyimbo, usafiri, jikoni.

Jumanne nilimpa Mama Njeri aisome. Aliipitia taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kama alivyozoea kukagua daftari za watoto wetu. Kidole kikasimama chini kabisa. Mbele ya neno Jikoni nilikuwa nimeandika jina lake.

Sikuwa nimefikiri. Huo si utetezi. Ni maelezo ya kilichotokea. Kila shughuli niliyowahi kuandaa, mkono wangu huandika jina hilo mahali hapo, kama unavyoandika tarehe juu ya barua.

Aliikunja karatasi mara mbili, akanirudishia.

"Hiyo wiki, nani atakamua ng'ombe?"

Nikasema nitatafuta mtu.

"Usitafute. Mimi nitabaki." Akachukua kisu, akaendelea kumenya viazi. "Nyinyi nendeni. Nyote mkienda, hapa ndio kutakuwa kisiwa."

Sikujua kama natakiwa kucheka.

Tangu wakati huo nimejaribu kubaini kama amekasirika. Kama angekuwa amekasirika, ningejua la kufanya. Tumeshakasirikiana kwa miaka thelathini na kila mmoja anaijua njia ya kurudi. Lakini Mama Njeri ni mchangamfu. Anaimba akikamua. Jana alimsaidia Mama Chebet kupunguza kofia yake iliyokuwa ikimfunika macho, na akamwambia ahakikishe amenipa chai isiyo na sukari huko Lamu. Ananiandalia safari! Ameshaanika shati zangu nyepesi karibu na moto. Mtu aliyeomba jambo moja katika maisha yake yote, na akalikosa, anaimbaje?

Nilimuuliza Mwangi. Alifikiri kidogo akiwa ameegemea jembe. "Mwanamke akikataa bahari ya bure, mpeleke Nakuru apimwe malaria."

Nilimuuliza Njeri kwa simu. Nilisikia watu wakiongea nyuma yake ofisini.

"Baba, Mama alisema mimi na wewe. Hawa kumi na wawili wametoka wapi?"

Nikaanza kumweleza habari ya matangazo, na desturi, na jinsi mtu hawezi kusema anasafiri bila kusema karibu.

"Baba. Hebu subiri. Ulimuuliza Mama kama anataka watu?"

Sikumuuliza. Niliuliza kanisa.

Leo saa sita nilikwenda kumtafuta. Alikuwa nyuma ya nyumba akichagua mbegu za viazi, ndogo huku, kubwa kule, na mifuko miwili mbele yake. Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa tangu kiamshakinywa. Nikasafisha koo nikasema, "Mama Njeri, ningependa kuchukua nafasi hii..."

"Hapa hakuna mkutano, Baba Njeri." Hakuinua kichwa. Akasogeza gunia kidogo ili nipate pa kukaa.

Niliketi. Nikaanza kuchagua naye. Sijui tulikaa muda gani, labda nusu saa, na katika nusu saa hiyo sikusema lolote, jambo ambalo si la kawaida kwangu. Hatimaye nikamuuliza swali ambalo nililiona dogo: angekwenda kisiwani, angefanya nini huko kutwa nzima?

Alishika kiazi kimoja, akakigeuza.

"Sijui. Sijawahi kukaa siku moja bila kitu cha kufanya. Ndio nilitaka nione mimi ni nani nikikaa hivyo." Kisha akacheka peke yake. "Pengine ni mtu mbaya!"

Jibu hilo limenizunguka kichwani tangu saa hiyo. Nilidhani anataka bahari. Nilidhani ni vidole, ni baridi, ni hizi soksi zake mbili mbili. Nikadhani, nilipoona ameipoteza safari yake bila kulia, kwamba haikuwa kitu kikubwa. Sasa sijui hata alipoomba niwe naye alikuwa ananiomba nini. Je, alitaka nione naye huyo mtu ni nani? Au alinitaja kwa adabu tu, kama mimi nilivyowataja wale kumi na wawili, akitarajia niseme asante, nimeshiba?

Siwezi kuivunja safari ya watu. Wamenunua kofia. Mama Chebet ameshawafundisha wenzake wimbo wa bahari, ingawa hakuna aliyeiona. Basi saa nane nilimpigia Mwangi na kumwambia kwamba ninajiuzulu uenyekiti na ninamwachia yeye, na Jumapili nitasimama kuwaeleza watu kwamba nilikosea.

"Uko mgonjwa?"

Nikamwambia la.

"Umetoroka nini?"

Nikamwambia sijui bado.

Alivuta pumzi kama mtu anayevaa koti jipya. "Kwa hivyo mwenyekiti ni mimi? Basi viazi ni magunia matatu. Na hiyo hotuba ya saa nane tunaiondoa."

Hilo limekwisha. Lililobaki ndilo lililonifanya niketi hapa na kuandika badala ya kwenda kuangalia ng'ombe. Nikitoka katika uenyekiti, sijatoka katika orodha. Naweza bado kwenda nao kama abiria, nimwachie Mama Njeri nyumba nzima, kimya chote, wiki nzima. Pengine hicho ndicho kitu chema kuliko vyote ninachoweza kumfanyia. Au naweza kubaki, na pengine huo ndio ubinafsi wa mwisho: kuingia hata katika kisiwa alichojitengenezea baada ya kukosa kile cha kwanza.

Sijui. Nimegeuza jambo hili pande zote, na kila upande naona mtu mwema na mtu mbaya, na wote wawili ni mimi.

Nimejaribu kuandika swali la kumuuliza. La kwanza lilichukua nusu ukurasa na lilianza na miaka yetu ya ndoa. Nikalifuta. La pili lilikuwa na "kwa kuzingatia" mara mbili. La tatu lilikuwa na msamaha mrefu ambao, nilipousoma kwa sauti, ulikuwa unangoja kupigiwa makofi. Nimeendelea kukata. Limebaki hili:

Wakienda, nibaki na wewe, au niende nao?

Si zuri. Halina mwanzo wala tamati, na majibu yote mawili yananitia hofu. Akisema nibaki, nitakuwa na wiki nzima isiyo na ratiba mbele ya mtu ambaye pengine simjui. Akisema niende, nitakaa ufukweni katikati ya watu wanaonipenda, wakiimba, na nitajua kwamba alinitaja kwa adabu tu.

Namsikia akimwaga mbegu kwenye gunia la mwisho. Nakwenda sasa, kabla sijaongeza neno.