Uso wa Dekha Kwenye Intaneti

Garissa

Kwako Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti limepungua uvimbe na Baba ameacha kukohoa. Mimi ni mzima, ila joto la huku linanichosha, na cherehani imeanza kuruka mishono.

Kuna jambo limetokea katika kikundi chetu cha akina mama wafanyabiashara, kile kinachokutana dukani kwa Habiba, muuza ubani. Mpwa wake Habiba anaishi Kanada, na huko wenye maduka madogo husaidiana kutengeneza kurasa za intaneti, yaani mahali kwenye kompyuta ambapo mtu wa nchi yoyote huona bidhaa zako. Wakajitolea kututengenezea ukurasa wetu bila malipo. Mimi ndiye niliyeandika maelezo. Kila tulipotuma, walirudisha ushauri kwa upole: pigeni picha mchana, andikeni vipimo, semeni nani amesuka nini.

Dekha, msusi wa mikeka, hakutaka kupigwa picha. Yeye alivuka mpaka wa nchi pale Liboi akikimbia vita vya kwao, akafika peke yake. Nikamshawishi, nikamwambia wateja wanapenda kumjua msusi. Akakubali.

Ukurasa wenyewe hatujauona, Mama. Tulitumiwa karatasi tu iliyochapishwa, nasi tumo, tunatazamwa na watu tusiowajua.

Haukupita muda ikaja barua kutoka Norwe. Habiba aliisoma, halafu akaketi. Mwandishi alisema anaitwa Abdi, na kwamba amemwona dada yake pichani. Alitaja kovu la kwenye nyusi na jina la utani ambalo Dekha hakuwahi kumwambia yeyote kati yetu.

Dekha hakuacha kusuka. "Abaayo," akaniambia, ndivyo wanavyomwita dada huku, "Abdi mimi nilizika na mkono yangu."

Tukamwandikia yule mtu namba ya simu ya duka. Alipiga siku moja adhuhuri. Dekha alisikiliza, akauliza swali moja kwa Kisomali, na aliposikia jibu simu ikamponyoka. Habiba alinieleza kwamba aliuliza shuka ya mama yao iko wapi.

Walipokuwa wakikimbia vita walipotezana kwenye vumbi, Abdi akiwa amejifunika shuka hiyo. Karibu na Liboi wasafiri wakamwonyesha Dekha maiti iliyofunikwa shuka hiyo, wakamwambia ndiye ndugu yake. Hakuwa na moyo wa kufunua uso. Akazika. Kumbe Abdi, kama alivyojibu kwenye simu, alikuwa amemfunika nayo mgonjwa wa homa aliyemkuta njiani, akaenda kutafuta maji, na asijue tena njia ya kurudi. Hata jina hakumwuliza.

Dekha alilia kwa furaha, na sasa wanapigiana simu. Lakini alianza kusita katikati ya kusuka na kutazama mlangoni, kama anayeitwa. Miaka yote hiyo amekuwa akimsemesha Abdi kila Ijumaa baada ya dua, akimweleza shida zake.

"Sasa nani alikuwa nasikia mimi?" akaniuliza.

Akataka kwenda kaburini. Nilimsindikiza Liboi kwa lori la mizigo. Askari walitukagua, wakatuacha tupite. Kaburi lipo, mawe machache na miiba. Aliketi, akazungumza kwa sauti ya chini mpaka jua likahama. Nilipomwuliza amesema nini, akajibu kwamba ameomba msamaha kwa kumwita kwa jina lisilo lake.

Tuliporudi akataka niandike Kanada. Wale watu wema wakaongeza maneno yetu chini ya picha ya mikeka: karibu na Liboi kuna mtu amezikwa kwa shuka ya kuazima, aliyepotelewa na wake atuandikie.

Barua zinakuja, Mama, kutoka nchi ambazo sikuzijua. Wengine wanasema ni mume, wengine ni binti. Dekha anaziweka chini ya mkeka anaoketia, nami namsomea zile za Kiswahili. Kila mmoja ana hakika ni wake.

Nisalimie Baba, shangazi anayekuchotea maji, na wifi yangu aliyejifungua juzi.

Ni mimi binti yako,
Rehema