Mwiko Mkononi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, ile dawa ya kuchua imekufaa? Sisi wazima, ila usingizi ni wa kudokoa. Mdogo anaota meno na cherehani haijui Jumapili.

Leo nina shukrani, na zinaanzia shuleni. Unakumbuka nilivyocheka walipoanzisha kipindi cha maadili, nikasema tabia hufunzwa nyumbani, za ubaoni hufutwa pamoja na chaki? Basi mjukuu wako wa kwanza alirudi na kanuni: mkigombana, mwenye kifutio mkononi ndiye anayesema, na mwenzake hajibu mpaka arudie alichosikia.

Wiki iliyopita mimi na baba yake tulianza tena magomvi yetu. Binti yetu huyo akaingia katikati akanikabidhi mwiko, maana kifutio hatuna. Mume wangu akacheka, eti hata wakubwa wa nchi hawana utaratibu huo. Mtoto hakucheka. Nikasema nimechoka, na mume wangu akiingia huulizia chakula kabla ya kunijulia hali. Akaambiwa arudie. Akadai nimemwita mvivu. Binti yake akamwambia, "Hapana, baba, hajasema hivyo. Rudia." Akadai nimesema mapishi yamenishinda. Akarudishwa tena. Safari hii akatazama mikono yake, ile yenye makovu ya kuchomelea mageti, akasema polepole, "Umesema umechoka, na mimi sikuulizi."

Mama, nililia. Neno lile nimelisema miaka yote, sikuwahi kulisikia likirudi.

Zamu yake ilipofika, alisema akiingia hakuna anayeinua kichwa, anajiona mpangaji. Nami nilikosea kurudia, nikarudishwa.

Usidhani tumekuwa malaika. Kesho yake hakimu wetu alimchapa mdogo wake anayemfuata kwa mwiko uleule; nikamnyang'anya, nikamkalisha arudie na yeye alichosema mwenzake. Lakini baba yao sasa akifika mlangoni huanza na hali yangu, kisha ndipo sufuria.

Sasa la moyoni. Nilipokuuliza kama chumba cha uani kiko wazi, nikasema ni kwa ajili ya rafiki yangu, hakukuwa na rafiki. Begi lilikuwa chini ya kitanda, nguo za watoto zimekunjwa. Ulijibu kimefagiwa, aje wakati wowote. Nadhani ulijua. Ahsante kwa kutoniuliza.

Jana nimezirudisha nguo kabatini. Chumba weka kuni zako, zisinyeshewe.

Wajukuu wanakuamkia. Mkweo pia anakuamkia, na leo kanituma mwenyewe.

Mwanao,
Kifungua mimba wako