Lagimalie na birika la mzee Tavita

Shoga yangu Sieni, haya kaniambia mjukuu wangu Lagimalie mwenyewe, jioni hii aliporudi kutoka hospitali. Bado siamini.

Si unajua anasomea chuo kikuu kuwafundisha wagonjwa kujifanyia tena kazi zao za nyumbani? Leo alikuwa na mtihani. Mzee Tavita wa kanisani kwetu, yule aliyepata kiharusi, achemshe chai mwenyewe. Lagimalie akae tu atazame.

Akae. Mzee mzima anahangaika na birika, mtoto wa Kisamoa amekaa.

Mzee kuinuka tu, Lagimalie kamnyang'anya birika. Mwalimu wake, Bi Kirsten, akamrudisha kitini. Kanyang'anya tena.

"Umejipima wewe, hukumpima mzee," Bi Kirsten akamwambia. "Kesho mtihani unarudiwa. Ukimnyang'anya tena, umefeli. Labda kazi hii haikufai."

Haikufai! Sieni, haikufai?

"Bibi, siachi," akaniambia. "Mzee mwenyewe kaninong'oneza, 'Mjukuu wangu, ukinipokonya birika, nyumbani nitakunywa nini?'"

Nikamwambia, kaa hapo, ukalie mikono yako. Nikamchemshia chai mimi, na magoti yangu haya. Nikaenda polepole makusudi. Nikamwaga na sukari. Machozi yakamtoka, lakini hakuinuka.

Akanywa yote. "Kesho nitakaa, Bibi. Ila mzee akimaliza, vikombe naosha mimi, Bi Kirsten apende asipende."

Na aoshe.

Sasa amelala hapa mkekani, mikono yote miwili ameilalia.